Kila mtu Pwani ana babu Mwarabu. Sasa bibi zetu walionunuliwa wamekwenda wapi?

Wadau wangu, leo hakuna habari ya nani kaachana na nani. Lakini tulia, umbea upo, tena umbea wenyewe una zaidi ya miaka mia.

Kuna staa mmoja hapa mjini (jina nalihifadhi, na msianze kubahatisha huko chini) aliposti picha kavaa kanzu na kilemba, akaandika kwamba asili ya ukoo wao ni Oman. Laiki zikamiminika. Wiki haijaisha, dada mmoja wa maigizo naye akasema kwao ni Washirazi. Mwingine akaja na babu aliyetoka Yemen na jahazi. Mimi napitia hizo posti huku nimekaa zangu Bagamoyo, najiuliza swali moja tu: wale wengine wako wapi?

Maana jamani, Bagamoyo ndipo njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora ilipoishia. Watu waliingia mji huu kwa miguu kwa miaka na miaka. Wengi walikuwa wapagazi wa kulipwa, wamebeba pembe za ndovu. Wengine waliletwa kuuzwa. Na si wote waliouzwa walivushwa kwenda Unguja. Wapo waliobaki hapahapa, wakalima mashamba ya watu, wakaoana, wakazaa. Wajukuu wao ni akina nani basi, kama sisi sote tuna babu mwenye jahazi?

Swali hili lingepita kama upepo kama lisingeingia ndani kwetu. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alipata mchumba. Kijana mstaarabu, kazi anayo, barua ya posa ikaja na mshenga akapokelewa vizuri. Halafu ghafla kimya. Wiki mbili, tatu, kimya. Baadaye tukasikia kwamba upande wa kijana kuna mama mmoja mtu mzima, anayeheshimika sana, kauliza kikaoni: "Kwani wale si watu wa misheni wale?"

Wewe ambaye si wa huku unaweza kuona ni swali la kawaida. Ngoja nikufafanulie. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walitoka Unguja wakafungua misheni hapa Bagamoyo. Wakawa wanawanunua watumwa, hasa watoto, ili wawe huru, wanawalea, wanawafundisha kazi na dini, na wakikua wanawaozesha na kuwapa makazi. Kilikuwepo kijiji kizima cha watu wa namna hiyo, kijiji cha uhuru. Kwa hiyo neno "watu wa misheni", likitoka mdomoni mwa mtu kama yule mama, halina uhusiano na kwenda kanisani. Sisi wenyewe ni Waislamu, tangu bibi yetu na mama yake. Alichokuwa anasema ni kwamba sisi asili yetu ni watu walionunuliwa.

Binamu akanipigia simu usiku huku analia. "Dada, wewe si ndo mtu wa mitandao? Nitafutie huko ukoo wetu. Nataka karatasi, nikamuoneshe yule mama kwamba sisi si wa misheni."

Nikaweka bando la usiku, nikaanza.

Mtandao wa kwanza, mmoja mkubwa tu wa kutafuta koo, nikafungua akaunti, nikaandika Bagamoyo. Orodha ikaja. Moyo ukaruka! Nikabonyeza, kikatokea kikufuli kidogo, na maneno kwamba picha hizi haziwezi kuonekana ukiwa nyumbani. Nikabonyeza nyingine, kikufuli. Mtandao wa pili ukaniomba namba ya kadi ya benki hata kabla sijaambiwa kama wana kitu chochote cha huku kwetu. Saa nane za usiku nilikuwa bado nagombana na simu.

Basi bwana, nikaacha kutafuta bibi, nikaanza kutafuta kwa nini kuna kufuli. Nimejifunza mengi. Kufuli zenyewe ni za aina nne, na inafaa uzijue, maana siku moja na wewe utagonga mlango huo.

Kufuli la kwanza ni mkataba. Chukua FamilySearch, mtandao wa ukoo wa bure unaoendeshwa na kanisa la Wamormoni la Marekani. Hawa kwa miaka mingi wamezunguka dunia wakipiga picha vitabu vya makanisa na vya serikali, zamani kwenye filamu, siku hizi moja kwa moja kwenye kompyuta. Lakini kitabu kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeweka masharti. Mmoja anasema watu waone popote walipo. Mwingine anasema waone wakiwa ndani ya vituo maalumu tu. Kwa hiyo mara nyingi aliyefunga si mtandao, ni yule aliyekuwa na kitabu tangu mwanzo.

Kufuli la pili ni pesa. Uingereza walipofungua vitabu vya sensa yao ya mwaka 1921, Januari 2022, waliviweka kwenye mtandao wa kampuni ya kulipia. Yaani sensa ni ya serikali, babu ni wako, na kumuona babu unalipa.

Kufuli la tatu ni muda. Sensa ya Marekani inafungwa miaka 72, ya Uingereza miaka 100. Kwetu Tanzania, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inataja miaka 30 kwa nyaraka za serikali. Juu yake tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hili kufuli mimi sina ugomvi nalo. Nani anataka jirani asome karatasi zake za hospitali? Wazo lake ni kwamba aliyeandikwa asidhurike akiwa hai.

Kufuli la nne ndo kiboko, maana halionekani. Ni lugha na mpangilio. Nyaraka za mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, nje kidogo ya Paris, na mapadre waliandika Kifaransa. Nyaraka za Wajerumani nyingine ziko Dar es Salaam kwenye Nyaraka za Taifa, na zina heshima kubwa, UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Nyingine ziko Berlin, mafaili ya iliyokuwa wizara ya makoloni, na mengi yameskaniwa na kuwekwa mtandaoni bure kabisa. Nyaraka za Waingereza ziko Kew, London. Za Kiarabu ziko Unguja.

Hizo za Berlin nilizifungua mwenyewe. Hakuna kikufuli, hakuna kadi ya benki. Nikafurahi kama nimeokota hela. Halafu nikaona mwandiko! Ni mwandiko wa zamani unaoitwa Kurrent, herufi zote zimelala kama miiba ya samaki. Hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kufundishwa. Na mafaili yamepangwa kwa kazi za ofisi: kodi, barabara, jeshi, biashara. Hayakupangwa kwa majina ya watu. Ofisa wa mkoloni alipoandika faili lake hakuwa anamfikiria mjukuu wa mtu atakayekuja kumtafuta bibi yake na simu yenye kioo kilichopasuka.

Kwa hiyo kuna kitu kinaitwa wazi ambacho kwangu mimi kimefungwa. Mlango uko wazi, ila umejengwa ghorofa ya kumi na ngazi hakuna.

Na usiseme ngazi haiwezekani. Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifika hapa Bagamoyo, umebebwa na watu kutoka Chitambo, huko ambako leo ni Zambia, safari ya miezi. Ukalala pale misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Leo barua na shajara za Livingstone ziko mtandaoni bure. Kuna shajara aliyoiandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa kuokoteza, ikafifia kabisa, wataalamu wakaipiga picha kwa taa maalumu mpaka maandishi yakarudi. Mwaka 2019 wakaweka mtandaoni na shajara ya Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekuwa kwenye ule msafara. Chuma na Susi nao majina yao yanajulikana. Nawapongeza kwa hilo. Lakini ona: wino uliofutika unaweza kurudishwa, ikiwa kuna mtu anayeona aliyeandikwa ana thamani ya gharama hiyo.

Wenzetu Wamarekani weusi nao walikuwa na ukuta wao. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika wengi wao kwa majina, kabla ya hapo watumwa walihesabiwa bila kutajwa. Wakatafuta vitabu vya ofisi iliyowahudumia watumwa baada ya kuachwa huru, na kuanzia mwaka 2015 mpaka 2016 watu wa kujitolea kwa maelfu wakakaa na kompyuta zao wakinakili jina moja moja. Leo mtu anaandika jina, anapata. Waliokaa kunakili walikuwa watu kama mimi na wewe.

Haya. Mimi kesho yake nikaacha mitandao, nikapanda bodaboda kwenda Kaole kwa bibi.

Nimemkuta barazani anasuka ukili. "Shikamoo bibi." "Marahaba mke mwenzangu. Leo umekuja na nini?" Nikampa tumbaku yake, nikakaa chini kwenye mkeka, tukaongea ya mvua na bei ya samaki. Halafu nikamuuliza. Bibi, sisi ni watu wa misheni?

Hakuacha kusuka. Akaniuliza: "Nani kakutuma?" Nikamwambia. Akauliza tena: "Na ukijua utafanya nini?" Nikamweleza habari ya posa, ya yule mama, ya binamu kulia. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, na nayaandika haya kwa ruhusa yake, kwamba bibi yake yeye aliletwa kutoka bara akiwa mtoto mdogo, hajui hata kwao panaitwaje, akanunuliwa, akalelewa misheni. Alipokuwa mkubwa akapendana na mvuvi Mwislamu wa huku, akaondoka misheni, akasilimu, akaolewa. Wapo wengi waliotoka misheni kwa njia zao, si yeye peke yake.

Na huyo mwanamke, wadau, alikuwa na majina matatu. Jina alilokuja nalo kutoka kwao, alilopewa na mama yake. Jina la mtakatifu alilobatizwa. Na jina la Kiislamu aliloolewa nalo, ambalo ndilo tunalolisikia kwenye hitima.

Hapo nikakaa kimya. Maana hata kile kikufuli cha usiku ule kingefunguka, ningeandika jina gani kwenye kile kisanduku cha kutafutia? Ningeandika lile la hitima, na kompyuta ingenijibu hakuna. Kitabu cha misheni, kama yumo, kingemjua kwa jina la kati tu. Aliyekuwa na majina yote matatu kichwani ni bibi kizee mmoja wa Kaole asiyejua kusoma.

Nikatoa simu nirekodi. Bibi akaweka ukili chini.

"Wewe nakupa," akasema. "Na mwenzio anayeolewa mpe. Huko mtandaoni kwenu hapana. Jina hili si langu peke yangu. Kuna ndugu zako Zinga, kuna ndugu zako Dunda, wana watoto wa kuoza na hawajakuuliza kitu. Utawaanikaje watu ambao hawajakuuliza?"

Ndo maana hapa hutaona jina hata moja. Na nakwambia kweli, nilipotoka pale nilikuwa nimelielewa jambo hili kuliko usiku mzima wa kusoma. Bibi naye ni hifadhi ya nyaraka, na ana masharti yake. Tofauti ni kwamba aliniuliza mimi ni nani, nataka nini, nitafanya nini, akanipima, kisha akafungua. Kile kikufuli cha kwenye simu hakikuniuliza chochote. Kingemzuia mjukuu na mpita njia sawasawa.

Tena bibi alijua kitu ambacho sheria za miaka 30 na miaka 100 hazikijui. Mkoloni Mjerumani hakuufuta utumwa, alitoa tu hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na akatangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Waliokuja kuufuta kwa sheria ni Waingereza, mwaka 1922. Piga hesabu: ni zaidi ya miaka 100. Kwa kanuni hizo, karatasi za enzi hizo zimekomaa, fungua tu, hakuna aliye hai wa kudhurika. Lakini binamu yangu yuko hai, ana miaka 23, na posa yake ilisimama kwa neno moja.

Hizi ngazi za nani muungwana na nani si muungwana ni za zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa hapahapa Bagamoyo, aliandika habari za mila zetu kwa Kiswahili, kitabu kikachapwa Ujerumani mwaka 1903. Alieleza mpaka tofauti ya mtumwa aliyezaliwa huku pwani, aliyeitwa mzalia, na yule aliyeletwa karibuni, aliyeitwa mjinga. Ndiyo, hilohilo neno tunalotukanana nalo kila siku. Watumwa hakuna tena, maneno yao bado tunayo mdomoni.

Sasa msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga. Vitabu vya majina ya watu waliokombolewa vikimwagwa mtandaoni kesho, kila mtu asome, wa kwanza kutafuta hatakuwa mjukuu. Atakuwa yule mama, na simu yake ina bando. Kwa hiyo siungani na wanaosema fungueni kila kitu kwa kila mtu.

Lakini kufunga kabisa nako ni dhuluma, maana anayeamua nani aone habari za bibi zetu ni mtu wa Paris, au Berlin, au Marekani, ambaye hajawahi kukaa kwenye mkeka wa bibi yeyote wa Kaole. Ninachotaka ni kwamba nakala zirudi hapa Bagamoyo. Iwepo orodha ya Kiswahili ya kutuambia tu kuna nini na kiko wapi, maana hata hilo wengi wetu hatulijui. Vijana wafundishwe kuusoma ule mwandiko, siku hizi zipo na programu za kompyuta zinazosaidia kuusoma. Na yanapofika majina, familia iitwe kwanza, mzee wao akiwepo, waone, ndipo waamue wenyewe kama dunia nzima nayo ione.

Na kuna kazi ambayo hifadhi yoyote haiwezi kutufanyia, nayo ni kuiua hii aibu. Mtoto mdogo alitembezwa kwa miguu kutoka bara mpaka baharini, akauzwa, akanunuliwa, akabadilishwa jina mara mbili, na bado akachagua mume, akajenga nyumba, akazaa mpaka nikapatikana mimi ninayekuandikia. Mwenye kuona aibu hapo ni aliyemuuza. Nikilinganisha na babu mwenye jahazi, mimi huyu bibi simbadilishi.

Mtaniuliza posa iliishaje. Binamu alimweleza mchumba wake mwenyewe, ana kwa ana, tena kwa majina yote matatu. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwao wana bibi ambaye habari zake huwa hazizungumzwi, sasa ameanza kuelewa kwa nini. Mahari imepokelewa, ndoa Mfungo Mosi inshallah. Yule mama wa watu hakupewa karatasi yoyote, na bado anauliza. Aendelee kuuliza.

Wewe sasa. Kama una bibi au babu aliye hai, nenda wiki hii, usingoje sikukuu. Usianze na simu, anza na salamu na tumbaku. Muulize majina yote ambayo mkubwa wake aliwahi kuitwa, siyo moja. Muulize nani alimpa kila jina, alizikwa wapi, majirani zake walikuwa akina nani. Ndipo uombe kurekodi, na muulize waziwazi: hii wasikie nani? Akikwambia watoto wako tu, iwe watoto wako tu. Weka nakala mbili, simu zinaibiwa.

Haya, hapo chini ni penu. Kwenu nani hatajwi?